Kipingamizi Nilichokijua Peke Yangu

Kilichoninyima usingizi halikuwa tatizo lenyewe. Lilikuwa swali: je, bwana harusi mwenyewe anaruhusiwa kuwa na kipingamizi?

Jumapili hiyo mchungaji wetu hapa Uyole, Mbeya, alikuwa ametusoma kanisani kwa mara ya kwanza. Jina langu na usharika wangu, jina la mchumba wangu na usharika wake wa Iringa, kisha sentensi ile niliyoisikia tangu utotoni bila kuijali: mwenye kipingamizi halali juu ya ndoa hii afike ofisini kabla ya tangazo la tatu. Watu waligeuka kunitazama wakitabasamu. Mama mmoja wa kwaya aliyekaa nyuma yangu alinifinya bega. Mbali kule Iringa, majina hayohayo yalikuwa yanasomwa katika kanisa lake, naye bila shaka alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya akiona haya. Nikawaza kwamba katika watu wote waliosikia tangazo lile, huku na kule, mwenye kipingamizi ni mmoja tu, na ndiye anayepongezwa.

Nililigeuza jambo hilo kila upande. Kama ningekwenda ofisini, ningekaa upande gani wa meza? Neno "halali" lilimaanisha nini? Mtu mwenye mke mwingine, hicho ni kipingamizi halali. Mtu aliyedanganya ukoo wake, nacho. Mtu ambaye mwili wake umemkatalia mara mbili mbele ya mwanamke anayempenda, huyo anawekwa fungu gani? Na akinyamaza, je, ni mwongo, au ni mtu mwenye haya tu?

Jambo lenyewe naliandika wazi hapa, kwa kuwa kwa miezi mingi sikulisema wazi kwa mtu yeyote. Nilikuwa na tatizo la uume kutosimama. Mabango yaliyopigiliwa kwenye nguzo za umeme mjini kwetu yanaliita upungufu wa nguvu za kiume, na chini yake huandikwa namba ya simu. Nilipita chini ya mabango hayo miaka yote ya masomo nikidhani yanaongea na wazee.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kilimo, nikakaa nyumbani Rungwe muda mrefu nikiomba kazi, hadi nilipopata mkataba katika mradi wa mbegu za viazi mviringo. Nilipanga chumba kimoja Uyole, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Asubuhi ukungu unaingia hadi kwenye korido, na jioni kila mtu anajifungia ndani na jiko lake la mkaa. Ni mahali ambapo mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuguswa na mtu mwingine, isipokuwa kwa salamu ya mkono.

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa. Tulifahamiana chuoni. Mara ya kwanza ilitokea chumbani kwake Kihesa, baada ya ukoo wake kuipokea posa yetu. Kanisa lilitutaka tusubiri, sisi tukaona kwamba tumeshasubiri vya kutosha. Nilikuwa nimetamani siku ile kwa muda mrefu mno, na labda hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilipomkaribia nilijikuta najisimamia mwenyewe kama mwangalizi wa mtihani. Je, mapigo ya moyo yako sawa? Je, anaona? Je, mbona bado? Kadiri nilivyouliza ndivyo mwili ulivyozidi kurudi nyuma, hadi pakawa hakuna kitu.

"Umechoka na safari," alisema.

"Labda."

"Basi lala. Mimi sikimbii."

Kisha akacheka kidogo. Lilikuwa cheko fupi la upole, na mimi nikaondoka nalo hadi Mbeya. Lilimaanisha nini? Kwamba si kitu, au kwamba ni kitu kikubwa kiasi kwamba bora kucheka? Mara ya pili, mwezi uliofuata, nilianza kuogopa tangu stendi. Mwili uliniitikia vilevile. Safari hiyo hakucheka, na hilo likawa baya zaidi. Baada ya hapo nikawa na kazi nyingi kila mwisho wa wiki.

Mtu aliyesoma majaribio ya mashamba hufikiri kwa vitalu. Kazini tunapima mbegu hivi: kitalu hiki mbolea hii, kitalu kile mbolea ile, na kimoja tunakiacha bila kutia chochote, ili tujue ardhi yenyewe ingetoa nini ikiachwa. Nikaamua kujitibu kwa utaratibu, dawa moja baada ya nyingine, bila kuchanganya. Nilijiona nina akili sana.

Nilianza na mihogo mibichi, karanga mbichi na nazi, kwa kuwa kila mwanamume wa nchi hii anajua hiyo ni ya nini. Tatizo ni kwamba kila mwanamume anajua. Jirani yangu, dereva wa malori yanayopeleka mizigo Kongo, alinikuta mlangoni natafuna.

"Msomi," alisema, "unaiguguna hiyo mihogo kama ngiri. Kuna vita?"

"Njaa tu, kaka."

"Njaa ya nazi? Haya. Msalimie shemeji."

Nilishiba, basi. Mihogo ilinitia gesi tumboni na karanga zikanipa nguvu ya kupanda mashamba ya mlimani. Pale nilipokusudia sikuona tofauti, ingawa pia sikujua ningeionaje. Hapo ndipo nilipogundua kasoro ya jaribio langu, nikajifanya sijaigundua. Tatizo lilitokea tukiwa wawili. Dawa nilikuwa nazipima nikiwa peke yangu.

Ya pili ilikuwa dawa ya mizizi. Karibu na soko kulikuwa na mtu mwenye kipaza sauti begani, akitaja magonjwa bila kupumua: nguvu za kiume, chango, kisukari, mikosi ya biashara, kesi zilizokwama mahakamani. Nilizunguka soko nikisubiri wateja wapungue, kana kwamba naye angezima kipaza sauti kwa heshima yangu. Alinipa chupa ya maji iliyojaa kitu cha rangi ya chai nzito. Ilikuwa chungu, na kesho yake niliacha kazi mara kadhaa kukimbilia nyuma ya ghala la mbegu. Nilipomrudia kumwambia, alisema hizo ni sumu zinazotoka, niongeze kipimo. Nikaimwaga chupa mtaroni jioni hiyo.

Ya tatu alinipa dereva mwenyewe, bila kuombwa, aliporudi kutoka Lubumbashi. Ni unga mweupe kwenye kikaratasi, ule ambao watu huuita vumbi la Kongo. Akaniambia unapakwa kidogo tu, unasubiri, halafu unakwenda kazini. Nilijaribu peke yangu mlango ukiwa umefungwa. Nilipata ganzi kama ya kung'olewa jino. Sehemu ile ikawa si yangu tena, nikaketi nikiitazama kwa hofu hadi hisia iliporudi.

"Ile inafanya kazi gani hasa?" nilimuuliza dereva asubuhi, tukichota maji bombani.

"Ya kuchelewa. Unakaa mpaka jogoo anawika."

"Kama mtu hana shida ya kuchelewa?"

"Sasa ana shida gani?"

Alikuwa ameshika ndoo, amesimama akinisubiri kwa uso wa kawaida kabisa, bila mzaha. Nilikuwa na jibu mdomoni. Maji yakajaa, yakaanza kumwagika.

"Hana," nikasema. "Nauliza tu."

"Ninyi wasomi mnauliza sana," akasema, akaondoka na ndoo yake. Nimeikumbuka dakika ile mara nyingi kuliko dawa zote. Mlango ulikuwa wazi, na mtu upande wa pili hakuwa mbaya.

Kisha vikaja vidonge. Niliingia duka la dawa upande wa pili wa mji, mbali na watu wanaonifahamu. Muuzaji alikuwa dada wa rika langu, na aliuliza kwa sauti ya kawaida ambayo masikioni mwangu ilikuwa kipaza sauti cha sokoni.

"Ni ya kwako?"

"Ya mzee wangu."

"Mzee ana presha? Anatumia dawa za moyo? Maana hivi havichanganywi na dawa za moyo, ni hatari."

Sikujua nijibu kwa mwili wa nani. Baba yangu ana presha kwelikweli. Nikasema hana, nikawa nimemponya baba kwa sentensi moja, nikapewa vidonge.

Kidonge kilifanya kazi. Nakiri hilo waziwazi, maana wapo wanaosema ni uongo wa wazungu. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inanyesha juu ya bati hivi kwamba redio ya jirani haikusikika. Nilikimeza, nikasubiri, nikamfikiria mchumba wangu, na mwili ukaitika kama ule wa kijana wa shule. Nilifurahi kwa muda mfupi. Halafu nikajiona nilivyo: mwanamume aliyeketi ukingoni mwa kitanda cha futi tatu na nusu, na ushindi wake, na hakuna hata mtu mmoja duniani wa kumwambia. Nilichemsha chai. Nikainywa nikisubiri ushindi upite. Sijawahi kuwa mpweke kama saa ile, na nimewahi kulala msibani nikiwa mgeni kwa watu wote.

Kutokana na jaribio hilo nilitoa hitimisho moja, ambalo lilikuwa la kijinga: kwamba kilichobaki ni hesabu ya muda. Safari iliyofuata kwenda Iringa nilipanga nimeze kidonge nikiwa njiani, ili nifike nikiwa tayari na nisipate nafasi ya kuogopa. Basi lilikwenda vizuri hadi Nyololo, kwenye baridi ya Mufindi. Liliposimama pale, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nikameza. Mbele kidogo ya Nyololo, lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara.

Tulikaa pale hadi jua likaanza kushuka. Kidonge hakikujua habari za lori. Uso ulinichoma, pua ikaziba, kichwa kikagonga, na mengine yote yakawa yanakuja na kuondoka kadiri nilivyomfikiria au nilivyoacha kumfikiria, mpaka nikaanza kuwaza mbegu za viazi kwa makusudi. Abiria wenzangu walisimama barabarani wakilaumu dereva wa lori. Mimi peke yangu nilibaki ndani ya basi, nimepakata begi.

Nilipofika Kihesa nilimkuta mama yake. Alikuwa amekuja kutoka kijijini, upande wa Tosamaganga, ameleta maharage na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Mama mkwe wangu ni Mhehe wa kizamani. Kwa desturi aliyokulia, mkwe wa kiume haangaliwi usoni wala hasemeshwi moja kwa moja. Anaketi upande wa pili wa chumba, amekupa bega, na lolote alilo nalo juu yako anamwambia binti yake, hata kama uko umbali wa kunyoosha mkono. Nawe unajibu kwa njia hiyohiyo. Wanyakyusa tuna adabu zetu nasi, lakini hii sikuwa nimeizoea. Kwa hiyo jioni ile nilikaa sebuleni, uso mwekundu, pua imeziba, tukiongea kwa kumpitia mtu wa tatu aliyekuwa anachambua maharage.

"Muulize mgeni wako kama ana homa," mama alisema akitazama ukuta.

"Mama anauliza kama una homa."

"Mwambie mama sina. Ni jua la njiani."

"Muulize jua la Mufindi limeanza lini."

Mchumba wangu aliinamia ungo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Usiku mama alilala chumbani na binti yake, mimi nikalazwa kwenye kochi. Kidonge kilikuwa kimekwisha nguvu zamani. Nilishukuru, na nikaona aibu kwa kushukuru.

Asubuhi mchumba wangu alinisindikiza stendi. "Una kitu," alisema. Nikamwambia kazi, mkataba, bajeti ya mradi. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto anayesema mbwa amekula daftari.

Hayo yote yalitangulia Jumapili ya tangazo la kwanza. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda hospitali. Nilitumaini nimkute daktari kijana wa kiume. Nilimkuta mama mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, wa umri wa mama yangu mzazi. Nilianza kwa kusema naumwa mgongo.

"Mgongo upande gani?"

Sikuwa nimeandaa upande. Nikamwambia ukweli, nikiangalia mizani iliyokuwa pembeni ya mlango.

Hakushangaa hata kidogo. Alinipima presha, akanituma maabara kupima sukari, akauliza kama navuta sigara, kama nakunywa, na nalala namna gani. Akauliza kama asubuhi nikiamka mwili unasimama wenyewe. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Akauliza na nikiwa peke yangu. Nikasema ndiyo. Akaandika kwa muda, kisha akaweka kalamu.

"Sasa nitajie ulichotumia."

Nilimtajia. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mwendo wa safari ndefu, kisha akazipitia zote. Mihogo na karanga, alisema, ni chakula, niendelee kula nikipenda. Ule unga unatia ganzi, na ni dawa ya shida nyingine ambayo sina. Mizizi ya chupa hakuna anayejua imechanganywa na nini, na baadhi ya hizo ambazo watu husifu kwamba zinafanya kazi, ndani yake kumesagwa vidonge vilevile vya dukani, na mwenye ugonjwa wa moyo akizinywa anaweza kufa bila kujua ameuawa na nini. Vidonge vinasaidia watu wengi kweli, hasa wale ambao mishipa yao imechoka kwa kisukari au presha, nao lazima kwanza watibiwe kisukari na presha. Ambao vidonge havikuwasaidia wana njia nyingine, sindano na vifaa, hospitali kubwa wanafanya.

"Lakini wewe mishipa yako haina neno," alisema. "Kidonge kinafungua njia ya damu, mwanangu. Hofu inaifunga. Ukijaza hofu ya kutosha unaweza ukakishinda hata kidonge, na wewe naona hofu unayo ya kutosha kugawia wilaya."

"Kwa hiyo dawa yangu ni ipi?"

"Mwenzako anajua?"

Nikaitazama tena mizani.

"Njoo naye. Nitawapa mazungumzo, si mara moja, mara kadhaa. Na nitawapa sharti. Kwa muda mtakaa pamoja, mtashikana mikono, mtalala hata kitanda kimoja, lakini kujaribu ni marufuku. Mtihani ukifutwa, mwanafunzi anapumua. Nimeona inawasaidia vijana wa aina yako kuliko unga wa Kongo yote. Si wote, lakini wengi."

"Kanisani wameshatupiga marufuku."

"Basi leo mimi na mchungaji wako tumekubaliana."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi hadi getini tu. Getini nikaanza kufikiri. Kumwambia kwa simu ni utovu wa adabu. Kwa ujumbe, je, kama mtu mwingine akiusoma? Ana kwa ana, je, uso wake ukibadilika? Na kama atasema si kitu, nitajuaje kama ni kweli? Na kama atavunja uchumba, je, sababu wataijua watu wa ukoo wake wote, na kutoka hapo kijiji, na kutoka hapo mtu fulani mwenye ndugu Uyole? Niliandika ujumbe mrefu mara nyingi nikaufuta. Nilichotuma kila jioni ni kwamba niko salama, kazi tu.

Jumapili ya pili tukasomwa tena. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Hakuna aliyekwenda ofisini, hata mimi.

Alhamisi yake mchumba wangu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama amesema nikwambie jambo, yeye hawezi kukwambia."

"Nakusikiliza."

"Anasema una mke Mbeya. Au mtoto. Anasema mwanamume anayekuja na uso wa homa, halafu haji tena, ana kitu amekiacha nyumbani. Anasema useme kabla ya Jumapili. Usiposema, atakwenda yeye kwa mchungaji kuweka kipingamizi."

"Na wewe unasemaje?"

Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, kengele ya shule ikigongwa.

"Mimi sina la kumjibu," alisema. "Ndiyo maana nimepiga."

Nilibaki nimesimama katikati ya matuta ya viazi, simu mkononi. Nilikuwa nimeogopa kuvunjiwa ndoa kwa sababu ya kweli. Sasa ingevunjika kwa sababu ya uongo, na uongo huo niliupalilia mwenyewe kwa kukaa kimya. Yule mama alikuwa amesoma dalili vizuri, akakosea ugonjwa. Kwa mara ya kwanza sikufikiri zaidi ya hapo. Ijumaa niliaga kazini, Jumamosi nikapanda basi la kwanza. Vidonge vilivyobaki niliviacha Uyole.

Nilimkuta mchumba wangu uani nyuma ya nyumba, anamenya viazi kwenye kigoda, sufuria la maji mbele yake. Mama alikuwa ametoka kwenda gengeni.

"Kamwene," nilisema, salamu yao, niliyojifunza kwake.

"Karibu. Kaa. Sema."

Nilikaa kwenye kigoda kingine. Nilifungua mdomo. Nilimtazama usoni, nikaona amekonda, nikafunga mdomo. Nilijaribu tena. Niliongea habari za lori la mbao la safari ile. Aliendelea kumenya, ganda refu likishuka bila kukatika, kisha akaweka kisu chini. Alinyanyuka, akakigeuza kigoda chake, akakaa akiwa amenipa mgongo.

"Ongea kama unavyoongea na mama," alisema.

"Vipi?"

Akaitazama miche ya mboga kando ya ukuta, akaiambia kwa sauti ya adabu: "Muulizeni mgeni wangu kama ana mke Mbeya."

Nikaelewa. Nami nikakigeuza kigoda changu, mgongo kwa mgongo, nikawa natazama mlango wa choo.

"Mwambieni hana."

"Muulizeni kama ana mtoto."

"Hana. Mwambieni shida ni mwili wake. Mwambieni zile mara mbili hakuwa amechoka na safari. Mwambieni anaogopa itakuwa hivyo siku zote, na amekula mihogo na mizizi na unga na vidonge, na homa ile ya Mufindi ilikuwa kidonge. Daktari amesema mishipa haina kasoro, ni hofu. Mwambieni kama hataki kusomwa kesho, nitakwenda mimi kwa mchungaji, na nitasema kosa ni langu."

Nilisikia pumzi yake nyuma yangu. Nilisubiri cheko lile. Halikuja.

"Mwambieni mgeni," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imelowa, "kwamba mimi nilidhani ni mimi. Nilidhani ameniona vizuri akajuta. Nimeacha kula usiku tangu mwezi ule. Mwambieni kila akisema kazi nyingi, nilikuwa najipima kwenye kioo."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Katika mawazo yangu yote, mimi ninayewaza hadi kichwa kinauma, hakuna hata moja lililokuwa na yeye akiwa peke yake mbele ya kioo.

"Muulizeni alipataje kuwaambia wauza mizizi kabla yangu," akaendelea, na sasa kulikuwa na hasira.

"Mwambieni hao hakuogopa kuwapoteza."

Mgongo wake ukaegemea wangu, taratibu, ukabaki hapo. Ulikuwa na joto. Hakuna kati yetu aliyejaribu kitu chochote.

"Huyo daktari anasemaje?" aliuliza, sasa akiniuliza mimi.

Nikamweleza sharti. Nikamweleza kwamba haahidi, ila wengi husaidika. Nikamweleza kwamba amesema twende wawili.

"Jumatatu nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu," alisema. "Tutakwenda kwake, au kwa daktari wa huku. Na kesho tunasomwa. Nitamwambia mama huna mke. Hayo mengine si yake."

Mlango wa mbele ukalia. Mama aliingia na kapu lake, akatokea uani, akatukuta tumeketi tumepeana migongo kama watu waliogombana, viazi nusu havijamenywa. Akageuza uso upande wa ukuta kama ilivyo desturi yake, akasimama hivyo kidogo.

"Muulize mgeni wako," alimwambia binti yake, "kama ile homa imekwisha."

Sikusubiri niulizwe.

"Mwambie mama bado," nilisema. "Lakini nimepata wa kunipeleka hospitali."